Ruhuka, bungua na kungunyi: kabla hujanunua dawa ya kahawa, pasua tunda kwanza

Mwanzisha uzi (Tanga mjini, shamba Bumbuli)

Wanajukwaa, salamu kutoka Tanga.

Nimeufungua uzi huu baada ya jirani yangu wa shamba kule Bumbuli kunipigia simu mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja akiniuliza jina la dawa. Kila mara swali lake ni lilelile, nami kila mara humjibu kwa swali: je, umemwona mdudu mwenyewe? Hajamwona. Ameona matunda yanadondoka, ameona majani yana mabaka ya kahawia, ameona mbuni mmoja umenyauka katikati ya shamba ilhali iliyouzunguka imestawi, na yote hayo ameyatia katika kapu moja analoliita “wadudu”. Kumbe hayo ni mambo matatu ya wadudu watatu tofauti, na dawa inayomuua mmoja yaweza kumnenepesha mwingine. Ninasema hivyo kwa sababu yalinikuta, na nitayaeleza hapa chini.

Nianze na ruhuka, mdudu anayetoboa tunda la kahawa, kwa kuwa ndiye anayetutia hasara kubwa na ndiye tunayepigana naye vibaya zaidi. Tafuta tunda lenye kitobo kidogo mfano wa alama ya pini pale kwenye kitovu, yaani upande wa mbele ulipokuwa ua, si upande wa kikonyo. Liweke mezani na ulipasue kwa wembe taratibu. Juzi nilifanya hivyo jikoni kwetu, mke wangu akiwa pembeni anachambua mchele. Ndani ya punje moja kulikuwa na vinjia vilivyopinda kama vya mchwa kwenye fremu ya mlango wa zamani, unga mbichi uliokwisha kugeuka mweusi pembezoni, mabuu meupe matano yasiyo na miguu, na mbawakavu mmoja mweusi anayeng’aa ambaye hafikii milimita 2. Mke wangu aliinama, akatazama, akasema, “Huyu si yuleyule wa kwenye mchele?” Hakukosea sana, maana ruhuka na fukusi wa nafaka ni watu wa ukoo mmoja.

Maisha ya mdudu huyu ndiyo yanayoeleza kwa nini bomba la kupulizia halimwezi. Jike hutoboa tunda, huingia ndani ya punje na kutaga humo mayai yake, ambayo huweza kufika makumi kadhaa. Kutoka yai hadi mdudu kamili huchukua takriban mwezi mmoja, kutegemea joto. Madume huwa wachache, wadogo, hawawezi kuruka, na huzaliwa na kufa ndani ya tunda lilelile bila kuuona mwanga wa jua. Hupanda dada zao humohumo, na majike hutoka nje wakiwa tayari kwenda kutoboa tunda jingine. Kwa hiyo katika umri wake wote ruhuka huwa wazi kwa dawa kwa muda mfupi tu: pale jike anaporuka kutafuta tunda na pale anapoanza kutoboa ganda. Mkulima anayeona vitobo vingi ndipo akakimbilia dukani amekwisha kuchelewa, kwa kuwa anachokilowesha ni ngozi ya tunda, na mwenye nyumba amelala chumba cha ndani.

Dunia nayo imekwisha kulijaribu jambo hili kwa gharama kubwa. Kwa miaka mingi dawa iliyotegemewa kwa ruhuka ilikuwa endosalfani, ambayo ni sumu kali kwa mtu na kwa samaki. Kule Kaledonia Mpya ruhuka walifikia kuizoea kabisa, na mwaka 2011 dawa hiyo iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya sumu zinazopaswa kuondolewa duniani. Mtu akikuletea leo chupa isiyo na lebo akakunong’oneza kwamba ni “ile ya zamani”, usiipokee hata kwa bure.

Dawa ya ruhuka ni kikapu. Chuma matunda mabivu kila baada ya siku 10 hadi 14, usiyaache yakauke mtini kwa kungoja vibarua wawe wengi. Mavuno yakiisha, rudi shambani ukapukutishe kila tunda lililobaki, liwe bichi, bivu au jeusi lililokauka, na uokote yaliyoanguka chini ya mibuni. Hayo meusi ndiyo ghala la mbegu ya ruhuka: wakati wa kiangazi majike wengi hujikusanya ndani yake, wakingoja mvua na matunda mapya. Yachemshe, au yafukie kwenye shimo refu, kiasi cha nusu mita au zaidi, na ushindilie udongo. Usiyamwage pembeni mwa shamba kama takataka za kawaida, maana hapo unakuwa umewahamisha tu.

Sasa yaliyonikuta. Miaka michache iliyopita niliona mabaka ya kahawia juu ya majani, nikaenda kwenye duka moja la pembejeo ambalo sitalitaja. Muuzaji hakuniuliza hata swali moja. Alinipa dawa kali ya kuua “kila kitu” nami nikapulizia mara tatu katika msimu mmoja. Mdudu mwenyewe alikuwa kidomozi, ambaye ni kiwavi mdogo sana wa nondo mweupe. Anaishi katikati ya ngozi mbili za jani, na ukilikunja jani penye baka ngozi ya juu hupasuka ukawaona weupe wakijinyonganyonga. Kwa kawaida kidomozi huliwa na nyigu wadogo kuliko mbu, ambao hutaga mayai yao kwake. Dawa yangu iliwamaliza nyigu kwanza, kwa sababu wao huruka na kutambaa juu ya majani, na kidomozi akabaki salama ndani ya jani lake. Msimu uliofuata mibuni ilipukutisha majani kana kwamba imepigwa na ukame. Tangu hapo sijampulizia kidomozi tena, na sijamwona akirudi kwa kiwango kile.

Karibuni tujadili. Wadudu wengine nitawagusa kadiri maswali yatakavyokuja.

Mama wa Soni

Shikamoo mzee wangu, na ahsante kwa maelezo. Nina maswali mawili. Kwanza, nitajuaje kwamba ruhuka wamefikia kiwango cha kunitisha, maana kitobo kimoja kimoja hakikosekani? Pili, nimesikia kuna mitego ya chupa ambayo watu huitundika shambani. Je, inafaa kwa shamba la nusu eka?

Mwanzisha uzi

Marahaba, mama. Kuhusu kiwango, usitazame mti mmoja ulio karibu na njia. Pita shambani kwa kukatakata, chuma matunda mabichi yaliyokwisha kujaa kutoka mibuni mingi tofauti mpaka yafike 100, kisha hesabu yenye kitobo. Wataalamu hutaja kikomo kati ya 2 na 5 katika kila 100. Mimi binafsi nikifika 3 huanza kuhangaika. Fanya hesabu hiyo mapema, matunda yakiwa bado mabichi na punje zikiwa hazijakomaa, kwa kuwa ruhuka aliyetoboa tunda changa mara nyingi hukaa mlangoni akisubiri punje igumuke. Huo ndio wakati mwafaka wa kulichuma tunda hilo naye akiwa ndani.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji hata kalamu. Siku ya kuchuma, mwaga matunda kwenye ndoo ya maji. Yanayoelea mengi yao yana punje tupu au zilizoliwa. Yatenge, yachemshe kabla ya kuyaanika, na usiyachanganye na yale mazuri, kwa kuwa yataharibu daraja la kahawa yako.

Mtego unafaa, ila tusiupe sifa zisizo zake. Ni chupa ya plastiki iliyokatwa dirisha ubavuni na kupakwa rangi nyekundu, ndani yake hutundikwa kichupa kidogo cha mchanganyiko wa methanoli na ethanoli, aghalabu sehemu 3 za methanoli kwa sehemu 1 ya ethanoli, na chini huwekwa maji yenye sabuni. Jike huvutwa na harufu, huanguka majini na kufa. Hutundikwa usawa wa kiuno au kifua, baada ya mavuno na mvua za kwanza, wakati majike wanapotoka kwenye matunda makavu. Matunda mapya yakishajaa mtini mtego hushindwa kushindana nayo. Kwa nusu eka mitego 4 au 5 yatosha. Na ninakuomba sana, methanoli isiingie nyumbani katika chupa ya soda wala ya maji ya kunywa, kwa maana hupofusha na huua.

Mkulima wa Mlalo

Mimi ninatofautiana kidogo na mleta uzi. Wazee wetu walipulizia na walivuna. Shamba la marehemu baba lilikuwa likipigwa dawa kwa ratiba, na hatukuwahi kusikia habari za nyigu wala mabuu. Leo mnatuambia tuokote matunda chini ya miti tukiwa tumeinama kutwa nzima, na kibarua wa siku hizi mnamjua bei yake. Je, hamuoni kwamba ushauri huu ni wa mtu mwenye mshahara mjini?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, hoja ya kibarua ni ya kweli na sitaikwepa. Kuokota kunachosha, nami nimelipa watu wakaokota nusu ya shamba na kulala nusu nyingine. Nilichojifunza ni kwamba wasilipwe kwa siku, walipwe kwa debe la matunda waliyookota, na kazi ifanyike mara moja tu kwa mwaka, mara baada ya mchumo wa mwisho. Lakini weka gharama hiyo kando ya gharama ya dawa, bomba, maji na mpuliziaji, halafu kumbuka kwamba dawa haimfikii aliye ndani ya punje.

Kuhusu wazee wetu, yapo mambo mawili. La kwanza, ratiba zile za kupulizia zilikuwa kwa sehemu kubwa za chulebuni na kutu ya majani, ambayo ni magonjwa ya ukungu, na dawa zake ni za kuzuia ukungu. Kupulizia mrututu hakumuui ruhuka hata mmoja. Mpaka leo watu huchanganya, na hata miche bora iliyotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania kule Lyamungu sifa yake kubwa ni kuvumilia magonjwa hayo mawili. Anayeipanda akidhani ameshamalizana na wadudu anajidanganya. La pili ni joto. Ruhuka hupenda mashamba ya chini ya mita 1,500, na kadiri milima inavyopata joto ndivyo anavyopanda juu. Baba yako huenda hakumjua kwa sababu katika enzi zake mdudu huyo hakuwa na nguvu huko kwenu.

Nami nitaongeza jambo la pembeni. Kahawa na Usambara wana historia ya kununiana. Katika miaka ya 1890 Wajerumani walifungua mashamba makubwa ya kahawa upande wa Amani, kama vile Derema na Nguelo, wakidhani msitu mnene ni dalili ya udongo mnono. Udongo ule ni wa tindikali na hauna chakula kingi, kahawa ikadhoofika mapema, na mbuni uliodhoofika ndio meza ya mdudu. Kituo cha utafiti cha Amani kilipoanzishwa mwaka 1902, kahawa ilikuwa imekwisha kuanza kuwakatisha tamaa wenye mashamba. Leo ukienda Derema unakuta chai. Kwa hiyo anayetafuta dawa kabla hajaweka samadi na matandazo anaanzia mwisho.

Mkarafuu (Muheza)

Shamba langu lina mikarafuu, iliki na mibuni ya robusta michache iliyo kivulini. Tatizo langu ni majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini. Wamejenga viota juu ya mibuni, kuchuma ni mateso, na majani yamejaa masizi meusi. Lakini mjomba wangu mwenye minazi amenikataza kuwaua, anasema ndio walinzi wa nazi. Nimsikilize nani?

Mwanzisha uzi

Mjomba wako amesema kweli kuhusu minazi. Majimoto humfukuza mdudu anayefyonza nazi changa na kuzifanya zidondoke, na jambo hilo limefanyiwa utafiti Zanzibar tangu miaka ya 1950. Lakini juu ya mbuni majimoto ni mfugaji. Yale masizi si ugonjwa wa jani. Ni ukungu unaoota juu ya maji matamu yanayodondoshwa na vidugamba au vidung’ata. Geuza jani uangalie kwenye mshipa wa katikati, utaona vijidudu bapa vya kijani vimelala kama magamba. Majimoto huja kulamba utamu wao na kwa malipo huwafukuza adui zao wote.

Kwa hiyo usimuue mfugaji, mfungie njia. Pogolea matawi yanayogusa ardhi na yanayogusana na mikarafuu, fyeka magugu yaliyoegemea shina, kisha zungushia shina utepe wa plastiki na uupake grisi. Usipake grisi moja kwa moja kwenye gome, kwa kuwa huliunguza. Sisimizi wakikosa kupanda, vidudu viitwavyo kobe-kobe, wekundu wenye madoa, na nyigu wadogo hufanya kazi yao bila kulipwa. Jirani zetu wa Kenya waliteseka na vidung’ata wa kahawa tangu miaka ya 1920 mpaka walipomwendea nyigu wake Uganda na kumleta mwaka 1938, na tatizo likapungua sana.

Kijana wa Korogwe

Mimi nimerithi mibuni 200 na mmoja baada ya mwingine inanyauka. Ukiushika unatikisika, na chini ya shina kuna kitu kama unga wa randa. Nimeambiwa ni bungua. Je, upo uwezekano wa kuiokoa?

Mwanzisha uzi

Pole sana, kijana wangu. Hilo ni bungua mweupe wa kahawa, na ulivyoeleza unga wa randa umemtaja kwa jina. Mama yake ni mbawakavu mkubwa wa rangi ya kijivujivu na weupe, mwenye vipapasio virefu kichwani, ambaye hutokea mvua zinapoanza. Hutaga chini ya gome, karibu na ardhi. Buu likianguliwa hula kwanza kulizunguka shina chini ya gome, na hapo ndipo mbuni hupata manjano, kisha huingia ndani ya mti wenyewe na kukaa humo kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Ndiyo maana unaouona ukinyauka leo ulishambuliwa zamani.

Ule unaotikisika, ung’oe na uuchome wote pamoja na mzizi wake mkuu. Ukiuacha umesimama kwa kuuonea huruma utakutolea mbawakavu wengine mvua zijazo. Ule ambao bado una majani ya kijani na shimo liko wazi, tafuta waya wa spoku ya baiskeli, ukunje ncha yake kidogo kama ndoano, na uuingize shimoni taratibu ukifuata njia yake. Utahisi kitu laini kinakataa. Zungusha na uvute. Mara ya kwanza nilipofanikiwa, buu lilitoka likiwa refu kama kidole changu cha mwisho, la rangi ya maziwa, lenye kichwa cha kahawia na meno yanayosikika yakigonga waya. Kisha ziba shimo kwa udongo wa mfinyanzi.

Mibuni iliyo mizima ndiyo ya kuikazania. Kabla ya mvua, sugua shina kutoka ardhini mpaka karibu na goti kwa gunia au ganda la muhindi mpaka gome liwe laini, kwa sababu jike hupenda nyufa za kufichia mayai. Usitumie panga, utaliumiza gome. Fukua udongo kidogo shinani uangalie. Kazi ya mibuni 200 ni ya siku chache kwa watu wawili.

Mama wa Soni

Mzee, kichwa cha uzi kimemtaja kungunyi lakini bado hujamgusa. Mimi ndiye ninayemwona zaidi. Ninatumia maji ya utupa, ule mmea ambao majani yake hutwangwa kuulia wadudu. Ninakosea?

Mwanzisha uzi

Hukosei, mama, ila kuna masharti. Kungunyi ni wa jamii ya kunguni, ana mgongo kama ngao ndogo wenye madoa meusi, ya rangi ya chungwa na meupe, na hufyonza machipukizi, maua na matunda mabichi. Anapofyonza huingiza vimelea vinavyoozesha punje ndani, nje tunda likionekana zima. Kule Rwanda na Burundi anahusishwa na ladha ya kiazi kibichi katika kahawa, ambapo punje chache tu huweza kumkimbiza mnunuzi. Ndiyo maana kikomo chake ni kidogo: wawili kwa mbuni mmoja tayari ni wengi. Huyu hukaa wazi, kwa hiyo dawa humpata, na utupa humpata pia, tofauti na ruhuka.

Lakini anapenda mti uliofungamana, wenye giza katikati. Pogolea kwanza, ondoa maotea, mbuni upitishe mwanga, utaona wamepungua kabla hujatwanga hata jani moja. Ukipulizia, pulizia asubuhi mapema akiwa mzito, na upulizie mibuni uliyomwona tu. Na vyombo vya utupa usivioshee mtoni. Wavuvi wa zamani waliutumia kulevya samaki, na maji ya Soni yanateremka mpaka kwa wengine. Ukilazimika kununua kiuatilifu cha dukani, tazama kama kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu na kama lebo inataja kahawa na mdudu huyo, na uhesabu siku za kungoja kabla ya kuchuma.

Mkulima wa Mlalo

Nimerudi. Leo asubuhi nimekwenda shambani na wembe kama ulivyosema, nimechuma matunda 100 na 11 yana kitobo. Nimepasua sita, manne yana mabuu. Mchumo wa mwisho ni wiki ijayo. Hayo madebe ya kuokotea unalipaje?

Mwanzisha uzi

Kumi na moja ni mengi, ndugu yangu, usingoje wiki ijayo kwa yaliyoiva. Bei ya debe patana nao papo hapo kulingana na wingi wa matunda yaliyo chini. Mimi huanza kwa kuokota debe moja mwenyewe huku nikitazama saa, kisha nakadiria. Tafuta pipa la kuchemshia kabla vibarua hawajafika, maana matunda yakilala usiku mmoja kwenye gunia lililo wazi, majike yatakuwa yamerudi shambani kabla yako.